Vifungo vya Chumba cha Mipira

Mnasihi mpya wa shule alipewa chumba kilichokuwa stoo ya mipira, naye hakulalamika. Shule aliyotoka alikuwa akiongea na watoto kwenye ngazi, kwa hiyo kuta nne kwake zilikuwa neema. Alifagia, akaweka meza na viti viwili, akasubiri watoto waje kumwaga yaliyo moyoni.

Aliyemharibia ni mwalimu mkuu, tena kwa nia njema. Asubuhi moja, mbele ya shule nzima, alinguruma: "Mwenye matatizo ya akili, mlango ni ule pale! Msione haya!"

Basi, kazi ikaisha hapo. Watoto wakawa wanakipita chumba mbio, na aliyethubutu kuchungulia alizomewa mpaka kengele ya kurudi nyumbani.

Kilichomuuma mnasihi hasa ni binti wa darasa la sita, yule wa dawati la nyuma. Tangu mama yake azikwe alikuwa hasemi na mtu, chakula chake anagawa, na mikononi ana mikwaruzo isiyotokana na michezo. Mnasihi alimwita mara mbili, binti akainamisha kichwa tu. Kumvuta kwa nguvu kungekuwa kumpoteza kabisa, na kumwacha kulimtisha zaidi.

Siku moja, kwa kuchoka kukaa bure, mnasihi alikuwa mlangoni akishona kifungo cha blauzi yake. Akapita mtundu mmoja wa darasa la tano, shati wazi, anamkimbia mwalimu wa zamu.

"Mwalimu, na mimi nishonee, nakufa!"

Akashonewa. Kesho yake wakaja wengine. Kushonewa kifungo si ugonjwa, ati! Na mtoto akikaa kusubiri uzi, mdomo haukosi la kusema: mara baba kahama, mara usingizi hauji.

Walimu walimcheka, maana vifungo vyake havikukaa wiki.

"Wewe dada, nani alikufundisha kushona?" aliuliza mwalimu wa hesabu. "Arudishe ada!"

Mnasihi alicheka nao. Hawakujua kwamba alishona kwa uzi mmoja makusudi, ili mwenye kifungo arudi.

Mwishowe binti wa dawati la nyuma naye akaja, kifungo kiganjani. Uzi ulikuwa umekatwa kwa wembe. Mnasihi alikishona, na jioni ileile alikwenda kuzungumza na shangazi anayemlea binti huyo. Binti akarudi, akarudi tena, kimya kama maji mtungini. Mara ya nne akasema, "Mama ndiye alikuwa ananishonea," akalia. Mnasihi naye machozi yakamtoka, sindano ikamponyoka, wakaishia kutambaa chini ya meza wakiitafuta huku wakicheka.

Karibu na kufunga shule, binti alikuja wakati wa mapumziko, uwanja mzima ukimtazama. Akaweka kifungo mezani, akakaa.

"Leo kishone kikaze, mwalimu. Huo uzi wako mmoja nimeushtukia kitambo. Nitakuja hata kisipodondoka."

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa wembe uliofungwa kwenye karatasi, akausogeza taratibu kando ya kifungo.

"Na huu kaa nao wewe," alisema.