Gari Laini kwa Njia ya Kabambare

Niliondoka Kasongo kwa ajili ya kujaribu gari la kampuni. Hiyo ndiyo sababu iliyojulikana. Nilikuwa na sababu nyingine chini ya kitenge changu, na hiyo ilijulikana na mume wangu peke yake.

Kampuni yetu inanunua mpunga. Mimi ndiye ninayezunguka kuangalia maghala: Wamaza, Kabambare, mpaka Lusangi, kisha narudi, kisha naanza tena. Miaka yote nilizunguka nyuma ya pikipiki, nimeshika mabega ya dereva, macho nimefumba. Sasa patroni, mwenye kampuni, alikuwa amechoka kutengeneza pikipiki. Mfanyabiashara mmoja alileta gari dogo jeupe kutoka upande wa Bukavu, akasema linakunywa mafuta kidogo kuliko pikipiki mbili, na kwamba viti vyake vitamfanya mtu asahau safari. Patroni aliomba lijaribiwe kwanza, akanichagua mimi.

“Mama Zaina,” aliniambia mbele ya wote, “weye unaogopa kila kitu. Kama weye unafika Kabambare bila kulalamika, ile motoka iko muzuri. Angalia mambo mbili tu: inakunywa esansi namna gani, na mugongo unafika namna gani. Kisha utaniambia ninunue ao nisinunue.”

Watu walicheka, nami nilicheka. Ni kweli, mimi ni mwoga. Lakini safari hii nilikuwa na haki ya kuogopa. Mimba mbili zilikuwa zimenitoka, zote nikiwa njiani na pikipiki. Daktari hakusema ni pikipiki. Mimi nasema ni pikipiki. Ya tatu ilikuwa inaingia mwezi wa nne, na kwetu mimba changa haitangazwi. Unaiacha mpaka ijionyeshe yenyewe. Hata mume wangu Amisi, tukiwa wawili chumbani, aliiita “ile habari”. Ningemwambiaje patroni kwamba siwezi tena kupanda pikipiki? Angeuliza sababu, na vijana wanaoitaka kazi yangu ni wengi. Kwa hiyo gari hilo lilikuwa wokovu wangu. Likifaa, nabaki na kazi na mtoto. Lisipofaa, itanibidi nichague kimoja.

Asubuhi tulitoka mjini. Dereva wetu Salumu, aliyekuwa akiendesha pikipiki za kampuni, alikuwa amevaa shati la Idi. Gari alilipenda kabla hata ya kuliwasha, alilibatiza Mwali. Naye alikuwa na lake: dereva wa gari si sawa na dereva wa pikipiki, hata salamu anazopewa ni nyingine.

“Unasikia namna inapumua?” aliniuliza. “Kama mutu amelala.”

Kiti kilibonyea chini yangu kama unga uliotoka kinuni. Nilijilaza, nikaweka mkono tumboni chini ya kitenge, na kwa muda mfupi sikuwa na wasiwasi wowote. Mshale wa mafuta haukusogea. Nilijisemea, Zaina, Mungu amekuona.

Baada ya vijiji vya kwanza njia ikawa ile tunayoijua. Malori huchimba mifereji miwili, na katikati hubaki tuta lenye majani. Lori hupita juu ya tuta bila kuligusa. Pikipiki huchagua mfereji mmoja. Gari letu lilikuwa fupi, tumbo lake liko karibu na ardhi, na tuta likaanza kulikwaruza. Kila likikwaruzwa, nilihisi ni mimi.

“Shuka kidogo, mama,” alisema Salumu. “Tukipunguza muzigo, Mwali atanyanyuka.”

Nilishuka, nikatembea, gari likanifuata polepole mpaka penye nafuu, nikapanda. Halafu nikashuka tena. Sikulalamika, kwa sababu nilitaka Mwali ashinde. Salumu naye hakulalamika. Tulikuwa watu wawili tunaomfichia mgonjwa ugonjwa wake.

Wamaza tulifika jua likiwa juu kabisa. Anayetunza ghala letu pale ni Mama Feza, mjane, Mkristo wa kanisa la pale pale, mwenye ulimi usio na breki. Alitupa wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akazunguka gari mara moja, kisha akaangalia miguu yangu.

“Zaina, vumbi iko mupaka magoti,” alisema. “Mulikuja ndani ya motoka, ao mulikuja pamoja nayo, kila mutu na miguu yake?”

Salumu alikohoa. Mimi nikasema sombe ni tamu sana.

Mbele kidogo ya Wamaza kuna kijito chenye daraja la magogo, na hapo nilianza kuogopa kweli. Magogo yamelazwa katika mistari miwili, kufuata upana wa magurudumu ya lori. Gari letu lilikuwa jembamba. Gurudumu la kushoto likikaa juu ya gogo, la kulia lilikuwa hewani. Wanaume waliokuwa wakilima karibu walikuja, wakapima kwa macho, wakabishana kwa Kibangubangu, wakaleta gogo jingine na kulilaza katikati. Mimi nilivuka kwa miguu mbele yao, nikageuka, nikashika kichwa. Mwali alipita taratibu huku magogo yakilia. Salumu alipofika upande wa pili shati la Idi lilikuwa limelowa.

“Umeona?” alisema. “Inapita!”

“Inapita,” nilijibu. Sijui nilikuwa nikimdanganya nani.

Kabambare tuliingia jioni. Watoto walitukimbilia, na Baba Mulamba, mzee wa ghala letu la huko, alitoka na taa ingawa mwanga ulikuwa bado upo. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kutembea, lakini tumbo lilikuwa kimya. Asubuhi yake nilimweleza kwamba tunaendelea Lusangi. Alilitazama gari, akanitazama mimi.

“Na hii?” aliuliza.

“Na hii.”

“Hapana, mama. Hii itabaki kule, nasi tutakuja kukutafuta. Patroni atasema nini? Ataniuliza mimi: Mulamba, wewe ulikuwa wapi?”

Kumbe nilikuwa nikingoja mtu anikataze. Patroni alipopiga simu nilimwambia Lusangi itangoja. Akauliza habari za mafuta, nikamwambia gari halinywi kitu. Akauliza habari za mgongo.

“Nimefika na mugongo muzima, patroni.”

Hakuna neno la uongo hapo. Lakini sikumwambia kwamba nusu ya njia nilikuwa nje ya gari. Alicheka kwa furaha, akasema mwenye gari atafurahi pia. Nilikata simu upesi, asije akauliza zaidi.

Kurudi tulirudi na jua kali. Miguu ilikuwa inauma, na tulipokaribia kile kijito nilikuwa nimechoka kushuka na kupanda. Gogo la katikati halikuwapo. Labda lori lilikuwa limelisukuma, labda mtu alikuwa amepata kuni. Shambani hapakuwa na mtu. Nilifungua mlango nishuke.

“Baki tu, mama,” alisema Salumu. “Nitapita kwa mbio kidogo, Mwali hatasikia kitu.”

Nikabaki. Hilo nitajiuliza mpaka mwisho: kwa nini nilibaki? Gurudumu la kulia lilitumbukia kati ya magogo, gari likaanguka juu ya tumbo lake, mlio wa chuma ukanipanda mgongoni, nami nikarushwa, nikarudi kitini kwa uzito wangu wote. Chini yetu oili nyeusi ilikuwa inatiririka kijitoni.

Maumivu yalikuja chini ya kitovu, mafupi, makali. Niliyatambua. Nilitoka kwa dirisha nusu na mlango nusu, nikaenda kichakani, nikachuchumaa na kuangalia. Hapakuwa na damu. Nikavaa, nikatembea hatua chache, nikarudi kuangalia tena. Hapakuwa na damu. Nilikaa majanini nikilia bila sauti, nikimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, huku Salumu akiniita kutoka darajani na kuniuliza kama nimeumia. Nilimjibu nimeshtuka tu.

Watu wa Wamaza walikuja na kamba, wakalitoa gari, wakalisukuma mpaka ghalani. Mama Feza alinishika mkono, akanilaza kitandani kwake, akaweka mto chini ya miguu yangu. Alikaa pembeni akipepeta mchele.

“Sikuulizi kitu,” alisema.

Hakuuliza kweli. Nililala pale siku kadhaa, nikienda nyuma ya nyumba kuangalia, nikirudi. Maumivu yaliondoka. Hofu ilibaki.

Rezo ya Wamaza, yaani mtandao wa simu, siku hizo nilipokuwa pale, ilikamatika juu ya kilima kimoja nyuma ya soko. Asubuhi watu wanasimama huko kwa wingi, simu juu, kila mtu akisikia habari za kila mtu. Nilipopata nguvu nilipanda pole pole na Salumu. Patroni alipokea mara moja.

“Mwenye motoka iko hapa mbele yangu,” alisema. “Anataka jibu. Ninunue ao nisinunue?”

Salumu alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba maji. Nakiri nilifikiri haraka haraka. Fundi angeziba lile tundu la oili. Nilihitaji miezi mitano tu ya viti laini. Baada ya hapo Mwali angeweza kufa anavyotaka. Neno “nunua” lilikuwa mdomoni. Lakini mwili wangu ulikuwa bado unakumbuka lile daraja. Ulaini wa kile kiti haukunisaidia kitu.

“Usinunue, patroni.”

“Namna gani? Kule Kabambare ulisema mugongo iko muzima!”

“Iko muzima kwa sababu nilitembea. Kila fasi mubaya ya njia nilishuka. Na njia yote ni fasi mubaya. Siku moja tu sikushuka, motoka ikapasuka chini.”

Alipumua kwa hasira. “Sawa. Acha Salumu na ile chuma yake. Weye panda pikipiki, kesho uwe hapa. Mupunga inaingia.”

“Siwezi kupanda pikipiki.”

“Juu ya nini?”

Nilimjibu kwa sauti ya chini, nimefunika mdomo kwa mkono.

“Sema kwa nguvu, mama! Upepo iko mingi!”

Niliangalia pande zote. Wauza chumvi, mwalimu, vijana wa machimbo, wanawake na vikapu vyao. Nikawaza yale majani ya kijitoni, na jinsi nilivyolia pale bila sauti ili mtu asijue.

“Mimi iko na mimba, patroni!” nilipiga kelele. “Mbili zilitoka juu ya pikipiki! Hii sitaki itoke!”

Kilima kizima kilinigeukia. Hata bwana mmoja aliyekuwa akigombana na ndugu yake juu ya mbuzi alishusha simu. Salumu aliweka mkono kichwani.

“Na Lusangi,” aliuliza patroni, “itafanywa na nani?”

“Sijui, patroni. Siyo mimi.”

“Tutaongea ukifika,” alisema, akakata.

Kutoka Wamaza nilitembea. Mama Feza alinikabidhi kwa wanawake waliokuwa wakipeleka karanga Kasongo, akawaambia watembee kwa mwendo wangu, si mimi kwa mwendo wao. Mfuko wangu uliwekwa kwenye baiskeli ya mmoja wao. Tulikwenda asubuhi, tukapumzika jua likipanda, tukalala kwa jamaa zao vijijini. Nilipanga na kupangua kichwani maneno ya patroni: asante kwa kazi, Mama Zaina, rudisha ufunguo wa ghala. Pikipiki zilitupita zikienda mbele, na habari yangu ikapanda juu yake. Karibu na mji Amisi alikuja kunipokea.

“Nimeambiwa sokoni,” alisema. “Na batu nisiowajua majina.” Nilingoja anigombeze. Alichukua mfuko, akatembea upande wangu bila kunitangulia.

Kasongo, kabla ya kwenda nyumbani, nilipita ghalani; sikutaka kulala na swali lile. Patroni alikuwa mlangoni. Ni Mwislamu wa familia ya zamani ya mji huu, na sijui kama neno nililompigia kelele amewahi kulitamka hata mbele ya mkewe. Aliangalia mshono wa gunia, akaangalia paa, mimi hakuniangalia.

“Salumu atafanya Wamaza na Kabambare na Lusangi,” alisema. “Na pikipiki. Nimerudisha ile motoka. Mupunga itakuja hapa, weye utaipima hapa.”

Pembeni ya mizani palikuwa na kiti kipya cha mbao chenye mikono, na juu yake mto mnene ulioshonwa kwa kitenge.

“Jaribu,” alisema. “Hii hainywi esansi.”

Nilikaa. Nilitaka kucheka, nikalia, na patroni akakimbilia kati ya magunia.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye siri asitumwe kuchagua gari la kampuni. Halioni gari, anaiona siri yake tu, na kila kiti laini kitamdanganya. Ninaandika haya nikiwa juu ya kiti hicho, mwezi wa saba. Salumu ananipigia kutoka kile kilima akilalamika juu ya mgongo wake. Hofu yangu haijaondoka, inaamka na mimi kila siku. Ila siibebi tena peke yangu, kwa sababu wanaoleta mpunga wote wanajua, na kila mmoja anauliza kama mtoto amecheza. Leo aliuliza patroni mwenyewe, akiangalia ukuta.

Nikamwambia amecheza.