Mgongo Wangu na Washauri Wake

Mpiga picha wa kwaya ndiye aliyeanzisha maneno. Alikuwa ametupanga mbele ya kanisa letu, karibu na Kaplong, tumevaa magauni mapya ya samawati, na kila alipoinua kamera aliishusha tena.

"Mama wa pili, simama wima."

"Nimesimama."

"Umeegemea."

"Nimeegemea nini?"

Hapakuwa na kitu cha kuegemea. Wenzangu wakageuka, na kwaya nzima, ambayo haijawahi kukubaliana kuhusu wimbo wowote, ikakubaliana kwamba bega langu moja liko juu na jingine limeshuka. Nilikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, nimezaa, nimelea, nimechuma chai tangu usichana, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nimepinda. Maumivu nilikuwa nayo, naam. Lakini kwetu mchuma chai asiyeumwa mgongo hushukiwa kwamba hachumi.

Haukupita muda kila mtu akawa anajua sababu. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Kogo, yaani nyanya, alisema ni godoro. Zamani walilala juu ya ngozi ya ng'ombe wakaamka wamenyooka kama mishale. Mwalimu wa kwaya alisema ni mkoba. Mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema ni simu. Mimi simu yangu ni ya kupiga na kupokea tu. Yenye picha ni yake, na alikuwa ameiinamia wakati anatoa uamuzi huo.

Nilikwenda hospitali nikapigwa eksirei. Uti wangu wa mgongo ulionekana umekwenda kama njia ya ng'ombe iteremkayo mtoni. Daktari alisema hali hiyo inaitwa skoliosisi, kwamba huenda ilianza nikiwa msichana anayekua, na kwamba haikufikia kiasi cha kupasuliwa. Niimarishe misuli, akasema, nisibebe mizigo mizito. Niliporudi nyumbani nilipokewa na mzigo wa kuni.

Mume wangu aliibandika ile eksirei kwenye dirisha la sebuleni, mahali penye mwanga mzuri. Wageni wakawa wanakunywa chai huku wakitazama mbavu zangu. Mmoja wao, mjumbe wa kamati ya barabara, aliitazama kwa makini kisha akauliza mbona ramani haionyeshi daraja.

Baadaye mume wangu alipeleka ndama kwenye soko la Mulot, akarudi na mkanda mpana mweusi wenye vyuma ndani. Muuzaji alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba mkanda huo hunyoosha mgongo, huondoa kitambi, hutibu vidonda vya tumbo na kurudisha amani katika ndoa. Kwa ajili ya hilo la mwisho, niliuvaa Jumapili.

Niliweza kusimama. Niliweza hata kuimba, mpaka tulipofika kwenye ile haleluya ya juu. Pumzi ikakata. Nilitaka kukaa, lakini vyuma havikukubali kukunjika, basi nikaanguka nikiwa nimenyooka, kama mti uliokatwa, juu ya jirani yangu wa sauti ya pili. Kanisa zima likapiga vigelegele kwamba nimeguswa na Roho. Mume wangu, ambaye alijua vizuri kilichonigusa, alisema "Amina!" kwa sauti kuliko wote.

Baada ya hapo nilikubali ushauri wa mwalimu wa kwaya. Alikuwa amesikia kwamba Kericho mjini kuna daktari anayetibu uti wa mgongo kwa mikono, bila kisu. Mume wangu aliapa kunisindikiza. Haiwezekani, alisema, mwanamume mwingine ashike mgongo wa mke wake. Tulipofika tukakuta daktari ni mwanamke kijana aliyevaa raba, mwembamba, na wasiwasi wa mume wangu ukageuka.

"Huyu msichana kweli ataweza kunyoosha mtu mzima?" akaninong'oneza.

Daktari alisikia, akatabasamu. Aliniuliza maswali mengi, akaniambia niiname mbele, akapitisha vidole polepole kando ya uti wangu, kisha akaitazama ile eksirei, ambayo sasa ilikuwa na alama ya gundi kwenye kona.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Huu mpindo sitauondoa. Mifupa yako imeshakomaa. Ninachoweza ni kulegeza palipokaza na kukufundisha mazoezi. Mpindo utabaki. Maumivu yanaweza kupungua."

"Kwa hivyo tumetoka kote huko tuje kuambiwa amepinda?" mume wangu akauliza.

"Hapana, baba. Kuambiwa mlishaambiwa."

Nikalala kifudifudi kwenye meza yake. Alipobonyeza mara ya kwanza mgongo ulilia *kak!*, na mume wangu akaruka kutoka kwenye kiti. "Shindwa!" alikemea. Mimi nilikuwa nimeficha uso kwenye tundu la meza, machozi yananitoka, na hayakuwa ya maumivu. Tangu siku ya picha watu wengi walikuwa wameushika mgongo wangu. Huyu alikuwa wa kwanza kuushika bila kuniambia nisimame wima.

Tulipokuwa tunaondoka mume wangu akajipiga kifua. "Hebu nipime na mimi, uone mtu mnyoofu alivyo."

Kanisani somo lake kuu ni unyoofu. Daktari alimsimamisha mbele ya kioo, akamzunguka.

"Baba, kichwa chako kimetangulia mbele, na nyonga yako moja iko juu."

Hadi nyumbani alikuwa akijitazama kwenye kila kioo tulichopita.

Nilianza mazoezi. Moja ni kulala ubavu juu ya blanketi lililokunjwa na kuvuta pumzi kwenye upande uliobonyea. Kogo alinikuta sakafuni hivyo akakimbia nje akilia kwamba nimekufa upande mmoja. Akina mama wa maombi walifika wakaniombea, nikiwa bado napumua juu ya blanketi.

Nimeendelea kwenda Kericho. Bado nimepinda, na watu huniuliza nimeponaje kama bado nimepinda. Mume wangu huwajibu kwamba uponyaji unaendelea. Mimi najua tu kwamba sasa nachuma chai asubuhi nzima bila kwenda kujilaza kati ya mistari, na kikapu nakimwaga kabla hakijajaa, hata Kogo akinung'unika.

Siku hizi mume wangu hujifungia chumbani alfajiri. Kogo amewatangazia majirani kwamba mwanawe anaomba kwa kuugua sana. Juzi nilisukuma mlango, nikamkuta sakafuni juu ya blanketi, amefumba macho, anapuliza kama ng'ombe anayezaa.

"Umelalia ubavu mbaya," nikamwambia.

Akafumbua jicho moja. "Funga mlango," akasema, "kisha unionyeshe."