Jumamosi ya Kupanga Diski

Kila Jumamosi asubuhi, karani mstaafu wa Tangini huivua kompyuta yake kitambaa cha kufuma, hukikunja mara nne, kisha huiamuru ipange upya mafaili kwenye diski. Huketi mbele yake kama anayemuuguza mgonjwa, viganja magotini, akisoma asilimia kwa sauti: "Kumi na mbili... bado kumi na mbili." Mkewe akimwita waende Mbwawa kupalilia mihogo, hujibu bila kugeuka, "Mama Joel, nikiiacha peke yake mafaili yatatawanyika."

Jumamosi iliyopita Elinipa, binti wa jirani aliyehitimu masomo ya kompyuta juzijuzi, alipita kuwasalimu, akasema kweli yote kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua: "Lakini baba, siku hizi inajipanga yenyewe kila wiki, hata ukiwa shambani!" Mama Joel alicheka mpaka akaegemea mlango, kisha akaenda uani kutafuta jembe la pili. Karani alisubiri hatua za mkewe zipotee. Akamsogelea Elinipa, akanong'ona kwa unyenyekevu: "Mwanangu, wewe umesoma. Hakuna ugonjwa mwingine wa kompyuta unaotaka mtu akae nayo mpaka mchana?"