Hadi Darajani Tu

Ma Elieth ana gesti ya vyumba vinne kando ya barabara ya Kashozi, na mgeni wake hana uhuru. Sisi mahujaji watano tulitoka Muleba kwa miguu kwenda kanisa la Kashozi, tukafika kwake tukitaka vitanda tu. Alitukalisha, akatukanda miguu kwa maji ya chumvi, akaleta sinia la ebitoke, ndizi zilizopikwa na maharage, huku akifoka: "Kuleni! Mungu hakuwatuma mje kunifia hapa."

Asubuhi alisema atatusindikiza hadi darajani, maana mgeni haachwi mlangoni. Darajani akawa hajamaliza kusimulia harusi ya bintiye, basi akaendelea nasi na kandambili zake miguuni, huku akiifunga kwa uzi rozari yangu iliyokatika, ingawa yeye ni Mlutheri. Tulifika kanisani, na katika simulizi yake bibi harusi alikuwa hajavaa hata gauni.

"Ingieni. Mimi nimesindikiza tu," alisema, akaketi kivulini.

Misa ilipoisha tulimkuta palepale, amevua kandambili, anajikanda nyayo.

"Haya, wanangu," akasema. "Na mimi nani atanisindikiza?"

Jioni tulikuwa mezani kwake tena, tunafokewa tule.