Shimo Jeusi Tumboni mwa Gauni

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtu wa kumshinda kwa ubishi bado hajazaliwa. Miwani anayo, lakini inakaa ndani ya kopo la vifungo, kwa sababu eti miwani ni ya wazee, na yeye macho yake ni ya mwewe. Mwewe mwenye wajukuu! Anashonea mlangoni penye mwanga, chaki sikioni, na akiona mstari wa chaki, anakata. Hana maswali.

Mwanangu wa pekee alipokaribia kuoa, aliniletea kitambaa cheusi kutoka huko mbali anakofanya kazi, na ambako angehamia na mkewe. "Mama, siku hiyo uvae hiki." Nikampelekea wifi. Alinipima, akanicheka kiuno, nami nikamcheka macho, tukaachana kwa heri.

Siku ya kukata, alichora mistari ya gauni, kisha akaenda jikoni kuinjika chai. Mjukuu wake, binti wa darasa la kwanza, alikuwa ndio kwanza amefundishwa habari za anga. Akakuta kitambaa cheusi kimetandazwa mezani na chaki iko pembeni. Ungekuwa wewe ungeacha? Akachora nyota, akachora sayari yenye pete, na katikati akaweka duara kubwa. Wifi akarudi, akashika mkasi, akafuata mstari mpaka duara likadondoka chini.

"Bibi! Umelikata shimo jeusi langu!"

Nilipokwenda kujaribu gauni, nikaambiwa kitambaa kinapumzika. Kinapumzika! Kimechoka na nini? Nikakifunua mwenyewe, nikaiona meza kupitia tumbo la gauni langu. Nililia, tena kwa sauti. Kitu alichoninunulia mwanangu!

"Mtoto ndiye aliyechora," wifi akajitetea.

"Na mkasi aliushika nani, mwewe wewe?"

Wifi alifungua kopo la vifungo, akavaa miwani mbele yangu bila aibu. Akaziba tundu kwa bitana, juu yake akashona mfuko mkubwa wa duara, na nyota akazidarizi kwa uzi mweupe palepale mtoto alipozichora.

Harusini aliwatangazia watu kwamba huo ndio mtindo mpya. Mwongo asiye na haya! Na wakamwamini, wengine wakaagiza. Mjukuu naye alinifuata meza kwa meza akiulisha mfuko wangu: vizibo vya soda, mfupa wa kuku, kipande cha keki.

"Shimo jeusi likimeza kitu halirudishi," alinieleza.

Gari la maharusi likawashwa. Mwanangu alinikumbatia, akapanda. Nilikuwa nimeapa sitalia, na macho yalikuwa yameanza kunisaliti. Mtoto akanivuta gauni.

"Bibi, si ungemtia humu, asiondoke?"

Nikaushika mfuko kwa mikono miwili.

"Alishakaa humu miezi tisa, mjukuu wangu. Sasa hatoshi."