Chanjo ya Zizini

Harufu ya spiriti ikinifika puani, mkono wangu wa kushoto hujirudisha nyuma wenyewe bila kuniomba ruhusa. Juzi nilikuwa duka la dawa hapa Singida Mjini, nimefuata vidonge vya kichwa tu, muuzaji akafungua chupa ya spiriti apangusie kioo cha kabati. Nikajikuta nimeshika bega. "Mama, na bega linauma?" akaniuliza. Nikamjibu hapana, nimemkumbuka ng'ombe. Alinitazama kwa huruma, akanifungia vidonge vyangu haraka ili niondoke.

Yeye hakuwa na muda. Ninyi mnao, basi kaeni niwaeleze spiriti na ng'ombe vilikutania wapi.

Nilizaliwa Misigiri, nikalelewa na Bibi, mama yake baba, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa njiani muda wote na magunia yao ya vitunguu. Nilipofika darasa la tano nilikuwa kiranja wa darasa, wa kwanza kwenye mitihani, na mjuaji kupita kiasi. Hilo la ujuaji sijisifii. Niliosoma nao tukikutana mnadani hadi leo wananiita Daktari, na ukiwasikiliza vizuri utajua si kwa heshima.

Lawama nusu namwachia Mwalimu Kitundu, aliyetufundisha Maarifa. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, na alikuwa na mapenzi ya ajabu na habari za Waingereza wa kale. Hakuwahi kufika kwao, lakini aliwasimulia kana kwamba walikuwa majirani zake waliohama mwaka jana. Akifundisha mashine ya mvuke, alikuja darasani na birika kutoka ofisi ya walimu, akalitikisa mfuniko kwa kidole akivuma "fuu, fuu" mpaka darasa la nne upande wa pili wakaacha kusoma. Akifika kwa yule mama muuguzi aliyezunguka na taa kati ya askari majeruhi, alitembea polepole baina ya madawati, kipande cha chaki kikiwa ndiyo taa, akituwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. Vitabu tulishirikiana wanne wanne na picha zilikuwa zimechanika, ila watu wale tuliwaona.

Siku moja akatuletea daktari wa kijijini. Zamani sana huko Uingereza, alisema, ndui ilikuwa inaua watu bila kuchagua tajiri wala maskini. Daktari huyo akagundua jambo: wasichana wanaokamua ng'ombe hawapati ndui. Kwa nini? Kwa sababu wameshapata ndui ya ng'ombe mikononi, ugonjwa mdogo tu wa vipele, nao unawakinga na ule mkubwa. Akachukua majimaji ya kipele cha msichana mkamuaji, akamkwaruza mtoto wa jirani mkononi, akampaka. Ndui haikumpata mtoto yule maisha yake yote. Mwalimu Kitundu akajifuta jasho shingoni, akamalizia: "Kwa hiyo, wanafunzi, chanjo ilizaliwa zizini."

Sentensi ile ndiyo iliyoniharibu.

Maana wiki ileile likaja tangazo kwenye mstari wa asubuhi. Alhamisi manesi watakuja kuchoma sindano ya surua, watoto wote, hakuna kubaki nyumbani. Jamani, mimi niliogopa sindano kuliko nilivyoogopa fisi. Niliwahi kuchomwa ya penisilini zahanati, nikamng'ata nesi. Siri hiyo tuliijua watatu tu: mimi, Bibi na nesi. Sasa nichomwe mbele ya shule nzima, mimi kiranja, niliyekuwa naandika majina ya wapiga kelele na wanaolia ovyo! Hamisi, aliyekuwa wa pili darasani na hakunisamehe kwa hilo, alikuwa ananingoja nidondoshe chozi moja tu. Sikulala vizuri siku mbili.

Siku ya tatu nikiwa namkamua ng'ombe wetu, ukombozi ulinishukia. Ng'ombe huyo tulimwita Karani, kwa sababu ya namna alivyomtazama mtu kana kwamba amechelewa kuleta fomu. Kwenye kiwele chake niliona vipele vitatu. Leo najua zilikuwa alama za kupe. Siku ile niliona chanjo, imekaa tayari, haina sindano.

Nilimweleza rafiki yangu Hawa peke yake, tena nikamwapisha. Jumatano jioni, Bibi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya ya akina mama, niliwakuta watoto kumi na mmoja nje ya zizi letu. Hamisi alikuwemo. Alisema amekuja kutazama tu, lakini tayari alikuwa amekunja mkono wa shati.

Basi nikafanya kazi kama nilivyoona inafanywa zahanati. Niliwapanga mstari. Niliwaandika majina kwenye daftari langu la Sayansi. Kila aliyefika mbele ilimlazimu kusema "Shikamoo Daktari," na asiyesema nilimrudisha nyuma ya mstari. Kisha nilimkwaruza mkono kwa mwiba wa mgunga, taratibu, nikampaka kwa kidole nilichokuwa nimekisugua kwenye vipele vya Karani. Wengine walitaka kusugua wenyewe moja kwa moja kiweleni wakiamini ndiyo dawa yenye nguvu. Hawa aliuliza kama chanjo ya ndui inazuia na surua. Nikamwambia ugonjwa ni ugonjwa, asilete ubishi kliniki.

Karani alivumilia watu kumi na mmoja, mimi nikiwa wa kwanza. Hamisi alipoinama, ng'ombe akaona imetosha, akamtandika teke la paja lililomrusha hadi kwenye miiba ya ua. Aliinuka analengwalenga na machozi, akajipangusa, akatangaza kwamba yeye amepata dozi mbili. Wengine wakamwonea wivu.

Kesho yake asubuhi Karani alikataa kutoa maziwa kabisa. Bibi alimpapasa, akamwimbia, akambembeleza kwa pumba, wapi. Akaniuliza kama kuna mtu amemuudhi ng'ombe wake. Nikasema labda ni hali ya hewa, nikakimbilia shule.

Alikuja nesi mmoja na pikipiki, kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma. Meza ikawekwa chini ya paa la baraza, spiriti ikafunguliwa, na harufu ile ikatambaa hadi tulipojipanga. Jina langu lilikuwa la kwanza kwa kuwa nilikuwa kiranja. Nikapiga hatua mbele, nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya kujibu swali darasani: "Samahani nesi, sisi kumi na wawili tumeshachanjwa." Wenzangu wakanyanyua mikono yao yenye mikwaruzo.

"Mmechanjwa na nani?"

"Na mimi. Na Karani."

Nesi aligeuka kumtazama Mwalimu Kitundu. Mwalimu alikuwa amefumba macho.

"Mwalimu, hawa watoto umewafundisha nini?"

"Historia," akajibu, sauti ile kubwa ikiwa imepungua mpaka nusu. "Nimewafundisha historia tu."

Nikamsaidia. Niliieleza habari yote, kuanzia wasichana wakamuaji hadi mtoto wa jirani, nikamalizia na ile ya chanjo kuzaliwa zizini, nikimtaja Mwalimu kila mahali ili asikose sifa yake. Nesi alicheka mpaka akakalia kiti cha mwalimu mkuu. Kisha akaacha kucheka, akaanza kututazama mikwaruzo mmoja mmoja, akasema tuoshwe kwa sabuni na wazazi waitwe. Mtoto mmoja mwenye mbio akatumwa kwa Bibi, maana ng'ombe alikuwa wa Bibi na daktari pia alikuwa wa Bibi.

Bibi alikuja anakimbia. Hebu fikirini, mwanamke aliyekwisha kuwa na vitukuu, kitenge amekikunja mkononi, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Nikajua nimekwisha. Nilidhani anamkimbilia ng'ombe wake. Alipita walimu wote bila salamu, yeye aliyekuwa akimkemea mtu kwa kusahau shikamoo moja, akanishika kichwa, akanigeuza uso huku na huku, akanitazama viganja, akanitazama nyuma ya masikio. Alikuwa anasema kitu kwa Kinyiramba, haraka haraka, analiita jina la Mungu, kwa kuwa yule mtoto aliyetumwa alikuwa amemtajia ndui.

Nesi akamwambia, "Bibi, tulia. Hakuna ndui hapa. Ni michezo ya watoto."

Bibi akavuta pumzi. Akakaa kwenye benchi. Halafu akasema, "Mzaha mzaha hutumbua usaha," na watoto wakacheka kwa sababu ya neno usaha, lakini yeye hakucheka. Alituonyesha uso wake. Ulikuwa umejaa vishimo vidogo vidogo, mashavuni na puani, na sisi tulikuwa tumeuzoea hivyo hivyo. Nilidhani ni uzee tu unaofanya hivyo. "Hii ndiyo ndui," alisema. "Kwa mama yetu tulizaliwa sita. Ilipita nyumbani msimu mmoja. Nilibaki mimi." 

Kisha akakunja mkono wa blauzi yake, akaunyoosha kwa nesi. "Anza na mimi, waone."

"Bibi, hii ni ya watoto."

"Nilipokuwa mtoto hamkuja."

 Nesi alimshika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha polepole. Bibi akasema sawa, basi atashika wengine, akanivuta na kunipakata mapajani mwake mbele ya shule nzima. Mimi kiranja. Mimi Daktari. Niliona spiriti, nikaona pamba, nikalia kabla sindano haijatoka kisandukuni. Nililia kwa sauti ambayo nimeambiwa ilisikika hadi stendi. Ninachomshukuru Mungu ni kwamba Hamisi, aliyenifuata, alizirai.

Viboko vilikuwa viwili viwili, na tulichota maji ya kumwagilia miti ya shule wiki nzima. Mwalimu Kitundu naye hakuwa yuleyule. Tangu siku hiyo kila somo alilimalizia na onyo. Alipotufundisha Mwingereza aliyepima uzito wa vitu vinavyoanguka kutoka mtini, alisimama mlangoni, akasema, "Na mtu asipande juu ya mti."

Lakini ninachotaka kuwaeleza ni habari ya njiani. Siku ile tulirudi nyumbani mimi na Bibi peke yetu, tukipita katikati ya mashamba ya alizeti. Nilingoja fimbo, haikuja. Badala yake akaniambia nimsimulie na yeye habari ya yule daktari. Nikamsimulia vizuri, na birika nikaongeza, ingawa halikuhusika. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Huyo mtu alikuwepo lini?"

Nikafurahi, maana hilo nililijua. "Zamani sana, Bibi! Wewe ulikuwa hujazaliwa. Hata mama yako hajazaliwa, hata bibi yako!"

Bibi alisimama njiani. Akatazama mashamba, kisha akasema taratibu, "Kumbe dawa ilikuwepo."

"Ilikuwepo, Bibi," nikajibu kwa fahari, kama aliyepata mia kwa mia. "Ilikuwepo kabisa."

Akaanza kutembea tena, polepole kuliko mwanzo. Nikadhani amechoka kwa zile mbio.

Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu mwenyewe, na Bibi tumeshamzika. Waingereza walifika hadi Kiomboi, wilayani kwetu, wakajenga boma, wakatuma watu vijijini kudai kodi, na wote huko kwao walikuwa wanaijua dawa ya daktari wao tangu enzi za mababu. Kwa mama yake Bibi haikufika mpaka watoto watano walipokwisha. Miaka yote ile Bibi alikuwa ameamini kwamba ndui ilikuwa mapenzi ya Mungu, na alikuwa amekwisha kumsamehe Mungu. Mimi, darasa la tano, kiranja, nilimwambia kwa furaha kwamba haikuwa hivyo, kisha nikamwomba anibebee begi.

Akalibeba.