Maj-Lis na Mafuta Yaliyopotea Kwenye Majani

Saa kumi na mbili asubuhi. Maj-Lis Torstensson anavaa glavu inayomfika begani, anafungua kifuniko cha mpira ambacho madaktari wa mifugo walikiweka ubavuni mwa ng'ombe aitwaye Majros, kisha anazamisha mkono mpaka ndani ya tumbo la kwanza kati ya manne. Majros anaendelea kucheua.

"Tulia, bibi, nakuibia kidogo tu," anamwambia.

Mkono unatoka na konzi ya majani yaliyotafunwa, yanayofuka mvuke. Anajaza chupa ndogo na kuizika kwenye barafu kavu. Sekunde ishirini.

Maj-Lis, 61, ni mhudumu wa zizi katika kituo cha utafiti cha Skåne, kusini mwa Sweden. Huu ni mwaka wake wa 27. Shule aliiacha akiwa na miaka 16, mama yake alipovunjika nyonga na ng'ombe kumi na wanne wakakosa mkamuaji.

Kituo kinafuatilia mafuta ya majani mabichi. Ndani ya kila jani kuna tando nyembamba za kijani, zilizojengwa kwa mafuta yaliyoshikamana na sukari. Bakteria wa tumbo la kwanza huibandua sukari hiyo na kuyageuza mafuta. Mafuta hayo hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, na sehemu yake huishia kwenye maziwa.

Kiangazi kilichopita majibu ya vipimo yalikwenda kombo. Hata chupa zilizojazwa dakika kumi baada ya Majros kula hazikuwa na yale mafuta ya tando. Chupa 340, kazi ya miezi minne. Mtafiti Hedvig Sundelöf alishuka zizini na kumuuliza Maj-Lis mbele ya wenzake.

"Uliziacha nje ya barafu?"

"Hata moja."

"Basi mafuta yamekwenda wapi? Ng'ombe hawezi kuyamaliza kwa dakika kumi."

"Labda hakuyakuta."

Maj-Lis anakiri kwamba kusema "iliniuma" ni kutumia neno dogo. "Miaka yote hiyo, halafu naonekana mzembe. Ila mikono yangu naijua."

Akaanza kuangalia kwingine. Majani yalikatwa asubuhi, yakakaa kwenye toroli juani hadi saa saba mchana. Alipotia mkono katikati ya lundo, akakuta joto.

"Kitu kinachopata joto kuna kazi kinafanya," anasema. "Nikajaza chupa kutoka kwenye toroli, nikampelekea Hedvig. Nikamwambia, pima hii, haijaonana na ng'ombe."

Majibu yalitoka siku ya tatu. Jani lililokatwa lilikuwa limeanza kuyavunja mafuta yake lenyewe, kabla Majros hajaligusa.

Hedvig alimkuta akinywa kahawa. "Nilikosea mbele ya watu. Nitasema hivyo mbele ya watu."

"Sema, halafu uje na fyekeo."

Siku hizi majani hukatwa hatua chache kutoka mlangoni na kuliwa papo hapo. Mafuta yanaonekana kwenye chupa ya kwanza, kisha yanapungua saa baada ya saa, kama walivyotarajia.

Mwakani, kabla ya kustaafu, Maj-Lis atafanya jaribio alilolipanga mwenyewe: je, majani yaliyokatwa alfajiri, yakiwa na umande, hufikisha mafuta mengi zaidi kwenye maziwa kuliko ya mchana? Kituo kimempa ng'ombe wanne na wiki sita.

"Nimebeba maswali ya watu wengine miaka 27," anasema, akivua glavu. "Hili ni langu. Hata jibu likiwa hapana, nitaliandika kwa mkono wangu."